Kati ya "Imefika" na "Nimekubali"

3 Machi

Shangazi,

Mimi ndiye niliyebonyeza. Sijamwambia Mama, sijamwambia rafiki, na hata peke yangu chumbani sijawahi kulisema kwa sauti. Nimeanza na hilo kwa sababu najijua. Ningeanza na salamu ningejificha humo mpaka karatasi iishe.

Sasa naweza kukuamkia. Shikamoo, Shangazi. Sisi huku hatujambo kwa kiasi chake. Mama bado anafanya usafi kule zahanati na mgongo bado unamsumbua. Mdogo wangu ameng'oka meno mawili ya mbele, akisema neno lenye "s" anapiga mluzi, kwa hiyo jina lake sasa ni Birika. Baba yupo. Nasema yupo kwa maana kwamba ameketi. Gari limezuiwa kituo cha polisi, lakini yeye anaamka alfajiri vilevile, anavaa fulana ya kampuni, halafu anakumbuka, anaivua.

Habari za ajali unazo, Mama alikupigia. Alikwambia Baba amemgonga mama mmoja, fundi cherehani, aliyekuwa anavuka na furushi la sare za shule, na mguu wake umevunjika. Sasa nikwambie ambalo Mama halijui.

Programu ya kampuni kwenye simu iko kwa lugha ile nyingine, ile ninayosomea darasani. Baba anaijua ya kuulizia njia tu. Ndiyo maana tangu alipoanza kuwapelekea mizigo, simu mbili zinaingia kwenye akaunti yake, moja iko garini, ya pili iko nyumbani na mimi. Nikitoka shule nakaa meza ya jikoni, nafuata kile kigari cha rangi ya chungwa kwenye ramani, nasoma maagizo ya wateja, nampigia: geti la bluu, usipige honi, mtoto amelala. Na nambonyezea. Kwa kanuni, mzigo ukishakabidhiwa natakiwa nibonyeze "Imefika". Ukija mwingine nabonyeza "Nimekubali". Mama anajua tu kwamba namsomea Baba ujumbe. Baba ananiita Mkalimani. Mimi shuleni siwezi hata kunyoosha mkono niombe kwenda chooni, unajua nilivyo, lakini kwenye ile meza nilikuwa mtu.

Kuna mtindo ambao madereva wote wanao. Hawasubiri wafike mlangoni kwa mteja. Wakifika kona ya mwisho wanabonyeza "Imefika", kwa sababu alama zao zinatokana na muda, na kinachokula muda ni pale mwisho: kutafuta pa kuegesha, kutafuta mlango, kumsubiri mtu atafute ndala zake. Aliyewafundisha ni msimamizi wa bohari mwenyewe.

Siku ile nilibonyeza "Imefika" Baba akiwa bado kona. Papo hapo simu ikamletea mzigo mwingine, na sauti ya ramani, iliyokuwa inamwambia nenda moja kwa moja, ikamwambia pinda kulia sasa. Mimi nilitakiwa nibonyeze "Nimekubali". Sikubonyeza. Maji ya chai yalikuwa yanafurika, nikainuka kuzima jiko. Niliporudi kigari kilikuwa kimesimama katikati ya barabara na hakikusogea tena.

Kampuni imeandika. Inasema dereva si mfanyakazi wao, ni mkandarasi anayejitegemea. Halafu inasema hata angekuwa wao, wakati ule hakuwa na mzigo wao: kumbukumbu zinaonyesha alishakabidhi mmoja na alikuwa hajakubali mwingine. Kwa hiyo aliyemgonga yule mama ni Baba na Baba peke yake, kama mtu aliyetoka kununua vocha. Mzigo ulikuwa bado garini, Shangazi. Boksi la vioo vya bafuni. Vilipasuka vyote.

Wewe umekaa kwenye ofisi ya wakili tangu sijazaliwa. Niambie. Nikisema, wanamfungia akaunti moja kwa moja, maana mkataba unakataza mtu mwingine kuishika. Kifungu hicho nilimsomea mimi siku anasaini, tukacheka. Nisiposema, atabebeshwa yote peke yake. Nifanye nini?

Usipige simu. Hapa simu zinapokelewa kwa sauti kubwa na Birika ana masikio. Andika, tumia anwani ya shule.

Wako,
Mkalimani


17 Machi

Mwanangu,

Marahaba sana. Barua yako imefika ikiwa na doa la chai, nikajua haijapitia kwa mtu wa kuipamba. Huku tunaendelea. Goti langu linatabiri mvua kuliko redio. Wakili wangu amenunua kiti kinachozunguka, na wiki nzima amekuwa akizunguka nacho wakati kazi naifanya mimi. Mwambie Birika namtunzia kitabu, ila asubiri meno yaote ili akisome bila upepo.

Tuingie kwenye lako. Kwanza, ondoa hayo maji ya chai kichwani. Mtu kuzima jiko si kosa la mtu yeyote.

Pili, hilo neno "mkandarasi" lisikutishe. Neno hilo ni fulana tu, yeyote anaweza kuvalishwa. Mahakama hutaka kumvua kwanza ione chini kuna nani. Hapa ofisini nimepiga chapa kesi za namna hii mpaka naziota, na maswali ni yaleyale. Nani anapanga njia ya kupita, dereva au wao? Akikataa mzigo inakuwaje? Anaweza kumpa kaka yake gari amfanyie kazi leo? Fulana ni ya nani, na asipoivaa? Anapeleka mizigo ya kampuni nyingine, au hana nafasi hata ya kukohoa? Nijibu hayo kwa mifano, usiniambie unavyohisi. Mwanasheria hali hisia.

Na hiyo nafasi wanayoisema, ya kati ya mzigo na mzigo. Kazi haifungwi na kufunguliwa kama bomba. Mtu aliye njiani na boksi lao nyuma, akipinda kwa sauti yao, sielewi kwa mahesabu gani anakuwa wa kwake mwenyewe. Lakini hilo litategemea ni nani atakayesema ilivyokuwa.

Kuhusu ulichoniuliza mwisho, tutaongea. Kwa sasa usimwambie mtu. Hata baba yako. Hasa baba yako.

Shangazi yako


30 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Mama anakusalimu, anadhani nimekuandikia kuhusu mitihani. Mitihani imepita, sikuifanya vizuri, tusiiongelee.

Majibu yako haya hapa. Njia inapangwa na simu. Akitoka nje ya njia simu inamlilia, na akiendelea, jioni anapata ujumbe wa onyo. Akikataa mizigo mitatu kwa siku, kesho yake haletewi kitu mpaka mchana, anakaa nje ya bohari na wenzake wanarushiana maganda ya machungwa. Kumpa mtu mwingine gari hairuhusiwi. Fulana ni ya kampuni, na siku aliyovaa shati kwa sababu fulana ilikuwa mbichi walimrudisha getini. Kampuni nyingine hana muda nayo. Niliwahi kumtania: "Baba, wewe si unajitegemea? Basi jipe likizo." Akasema, "Nitajiomba, lakini najijua, nitajikatalia."

Sasa nikwambie kilichotokea Jumamosi, maana tangu hapo silali vizuri.

Alikuja mkaguzi wa ajali aliyetumwa na kampuni. Mtu mpole. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, soksi zake zina vitone vya njano. Lugha yetu haijui zaidi ya asante, na hakuja na mkalimani. Baba akasema, "Ninaye wangu," akanivutia kiti katikati yao.

Mwanzoni ilikuwa rahisi. Gari la nani, breki zilipimwa lini, barabara ilikuwa na maji au kavu. Nilikuwa napokea huku namwaga kule. Halafu yule mtu akafunua ukurasa mpya, akasema nimuulize baba yangu ni nani aliyebonyeza "Imefika".

Nikamgeukia Baba. Nilitafsiri kana kwamba swali linamhusu mtu wa mtaa wa pili. Baba hakunitazama. Alikuwa anatazama zile soksi.

"Mwambie nilibonyeza mwenyewe."

"Baba."

"Mkalimani haulizi. Anatafsiri. Mwambie."

Nikamwambia. Kwa lugha ile sentensi hiyo ni fupi kuliko kwetu, ilitoka hata kabla sijajiandaa. Mkaguzi akauliza kama gari lilikuwa linatembea alipobonyeza. Nilikuwa bado natafuta pa kuanzia, Baba akatikisa kichwa kukubali. Swali hilo Baba alilielewa mwenyewe.

Yule mtu akaandika mstari mmoja, mabega yakamshuka kama ya mtu aliyepata pa kuegesha. Akanywa chai yake yote. Baba akaweka sahihi. Wakati wa kuondoka mkaguzi aliniambia naongea vizuri sana, nifikirie kusomea kazi hii.

Mlango ulipofungwa Baba alisema tu, "Toa vikombe." Nikatoa vikombe.

Kwa nini mabega yalimshuka, Shangazi? Baba amewapa nini?

Mkalimani


21 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Sijui kama barua yangu ya mwezi uliopita ilikufikia. Karani wa shule anasema hakuna kitu, na sasa akiniona anatikisa kichwa kabla sijauliza.

Mama anaumwa mgongo, Baba anampikia. Anapika vibaya na anajisifu. Polisi wamerudisha gari, liko nje limefunikwa turubai, na Birika anaingia chini yake kucheza dereva. Juzi nilimsikia anasema kwa sauti ya ile ramani, pinda kulia sasa. Nikamtoa humo kwa nguvu, akalia, sikuweza kumweleza kwa nini.

Kama nimekuudhi niambie.

Mkalimani


8 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Barua zako zote mbili ninazo. Ningeweza kuandika kwamba kazi zilinizidi, na kweli zipo, lakini si sababu. Nilianza kukujibu mara nyingi nikachana. Mpe mama yako pole, mwambie alale kwenye godoro gumu, na asile anachopika kaka yangu kama ana njia nyingine.

Baba yako alinipigia siku ileile ya ajali, kabla mama yako hajanipigia. Alikuwa bado barabarani, nasikia magari. Alisema, "Dada, mtoto ndiye aliyekuwa kwenye simu. Mtoto asiingie humu. Niapie." Nikamwapia. Kwa hiyo ulipoandika kwamba hujamwambia mtu, mimi nilikuwa najua tayari, na yeye anajua, na mlikuwa mnapishana kwenye nyumba moja mkifichana kitu kilekile. Nilikuambia usimwambie kwa sababu nilidhani likilala litasahaulika. Nilikosea. Sikujua kwamba angefika mbali hivyo na kusaini.

Umeuliza amewapa nini. Nakujibu kama ambavyo ningemjibu mteja.

Mpaka siku ile ubishi ulikuwa kama alikuwa kazini. Walikuwa na nafasi yao ndogo kati ya mizigo miwili, na nafasi ile ilikuwa dhaifu. Sasa amewapa dereva aliyekuwa anachezea simu huku anaendesha. Kwa mstari ule msimamizi anatoweka, mtindo wa kona ya mwisho unatoweka, meza yako ya jikoni inatoweka, anabaki mtu mmoja na kidole chake. Na kidole hicho hakikuwepo. Mikono yake ilikuwa kwenye usukani.

Wakili wangu anasema mitambo ya namna hii huonyesha kila simu iliyoingia kwenye akaunti na ilikuwa wapi. Ikiwa ni hivyo, waliona simu mbili tangu mwanzo, wakanyamaza kwa sababu mizigo ilikuwa inawahi. Yule mpole wa soksi huenda hakuuliza ili ajue. Aliuliza ili aandike.

Sasa sikiliza gharama. Ukisema, akaunti inafungwa na haifunguliwi. Baba yako itabidi akane maelezo yake mwenyewe, kwa kinywa chake, mbele ya watu. Wala kosa halifutiki. Gari lilikuwa lake na alipinda bila kuangalia, sehemu yake ataibeba. Kinachobadilika ni kama ataibeba peke yake.

Wakili wa mama fundi anakusanya maelezo mpaka mwisho wa mwezi huu. Baada ya hapo wanasikilizwa kwa yaliyoandikwa. Na swali moja: huyo msimamizi aliwafundisha kwa mdomo tu, au kuna mahali sauti yake ilibaki?

Nimevunja kiapo kwa kukuandikia haya. Zaidi ya hapa sivunji. Sikwambii useme, wala sikwambii unyamaze.

Shangazi yako


24 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Mama anainuka sasa, ameanza kurudi kazini nusu siku. Birika ameota jino moja, mluzi umebaki upande mmoja.

Nilikukasirikia. Niliibeba barua yako kwenye begi bila kuijibu, nikawa namtazama Baba akimenya viazi na najua kwamba anajua. Anamenya kwa unene, nusu ya kiazi inakwenda na ganda. Nilitaka kusema kitu, nikasema, "Baba, unatupa chakula."

Sauti ipo. Msimamizi alituma kwenye simu mwezi wa pili baada ya Baba kuanza: kila dereva akifika kona ya mwisho abonyeze, asinishushie alama za bohari, asiyetaka apishe wenzake. Nakumbuka kwa sababu nilimtafsiria Baba na akaniuliza, "Hata kama sijashuka?" Nikamwambia ndiyo, hata kama hujashuka. Bado imo kwenye simu ya hapa nyumbani, nimeisikiliza tena.

Halafu nikaenda kwa mama fundi.

Hakuna aliyenituma. Ni chumba kimoja nyuma ya duka la vyuma. Cherehani yake ni ya kukanyaga, ilikuwa imefunikwa kitambaa, na mguu wake umelazwa juu ya stuli mbele yake kama wa mgeni. Alikuwa anashona vifungo kwa mkono.

"Wewe wa nani?"

"Wa yule dereva."

Alimalizia kifungo alichoshika. "Kaa. Usikalie sare, zina pini."

Nikakaa pembeni ya pini. Akasema, "Wamekuja watu hapa kunieleza nani siye. Wa kampuni kasema si sisi. Wa bima kasema bado si sisi. Baba yako kaja kalia, ni mimi, ni mimi, mpaka nikamwambia baba wewe nyamaza, unaniumiza kichwa juu ya mguu. Hakuna aliyenieleza ilikuwaje."

Nikamweleza. Ndiyo mara ya kwanza kulisema kwa sauti, Shangazi, na nililisema kwa mtu ambaye mguu ni wake. Ilitoka vipande vipande, narudi nyuma, naruka. Yeye alikuwa anakata uzi kwa meno.

"Kwa hiyo hakuniona kwa sababu alikuwa anaambiwa apinde."

"Ndiyo."

"Na aliyemwambia nani?"

"Simu."

"Simu ya nani?"

Nikaokota pini moja sakafuni.

"Hilo kamwambie wakili wangu," akasema. "Nimechoka kusikia hiyo simu haina mwenyewe." Kisha nilipoinuka: "Na wewe sikusamehe leo. Leo mguu unauma. Njoo siku nyingine tuone."

Nikaenda kwa wakili wake. Ni kijana, meza yake imejaa mafaili mpaka anazungumza nawe akiwa amechungulia. Alisikiliza ile sauti ya msimamizi akaomba airudie. Halafu akauliza umri wangu, nikamwambia, akaweka kalamu chini. Kwa umri huo maelezo yangu hayapokelewi bila mzazi kuwepo na kusaini. "Mama anaweza," nikasema. Akasema anaweza, lakini maelezo yangu yanampinga baba yangu, na siku ya kusikilizwa watamuuliza yeye lipi la kweli. Ni bora Baba asiyasikie pale kwa mara ya kwanza. Akanipa mpaka Jumatatu.

Leo ni Jumapili. Tangu Ijumaa nimejaribu kumwambia. Nimefua fulana yake ya kampuni ili nipate sababu ya kusimama karibu naye kwenye kamba. Akasema, "Unaifua ya nini?" Nikasema ina vumbi. Mdomo wangu ndivyo ulivyo. Napitisha maneno ya watu wote, yangu yanakwama.

Kwa hiyo nimeyaandika. Karatasi ya maelezo iko hapa karibu na hii. Nimeandika kwamba nilibonyeza mimi, nikiwa jikoni, kwa sababu msimamizi aliagiza. Nimeandika kwamba Baba alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili. Nimeandika kwamba nilipotafsiri kwa mkaguzi nilitafsiri sawasawa kitu ambacho hakikuwa kweli. Chini nimeacha nafasi mbili za sahihi.

Akikataa sijui nitafanya nini. Akikubali, kesho kutwa hana kazi, na itakuwa kwa mkono wangu mara ya pili. Nimelitazama hilo pande zote. Lakini siwezi kuendelea kumwona anavaa ile fulana alfajiri kama mtu anayeadhibiwa kwa niaba yangu.

Amerudi. Nasikia anavuta turubai la gari vizuri, sasa yuko mlango wa mbele. Birika anamuuliza kitu, anamjibu, wanacheka. Kwa kawaida hapa ndipo naweka kitabu cha hesabu juu ya barua yako na kujifanya nakokotoa. Kitabu kiko karibu na kiwiko changu.

Ndala zake ziko kwenye korido. Amesimama. Anadhani nasoma, huwa anasimama hivyo kabla ya kubisha.

Nimesukuma kitabu kando. Maelezo nimeyaweka upande wa mlango, hii upande wangu, zote zikiwa zimefunuliwa. Amebisha. Nimemwambia aingie, na sauti imetoka.